Bahasha ya zamani usiitupe: jinsi mfanyabiashara wa mpakani anavyoweza kuanza kukusanya stempu

Kila mji wa mpakani una maduka yake ya zamani. Busia yapo, Namanga yapo, Mutukula, Kigoma na Gisenyi vilevile: duka la jumla lililoanzishwa na babu, likaendeshwa na baba, na leo limo mikononi mwa kijana ambaye oda zake zote zinapita kwenye simu. Siku kijana huyo anapoamua kupaka rangi na kuweka rafu mpya, ndipo linapoibuka boksi lililokaa miaka mingi chini ya kaunta. Ndani mna risiti zilizopauka, daftari la madeni, na mafungu ya bahasha zilizofungwa kwa uzi. Ni barua za wateja na wauzaji wa upande wa pili wa mpaka.

Mara nyingi boksi hilo huishia jalalani au motoni. Wakati mwingine hutokea mtu mwenye nia njema akachukua mkasi, akakata pembe za bahasha zenye stempu na kutupa kilichobaki. Kwa anayezijua stempu, hasara hii ya pili haiko mbali sana na ile ya kwanza.

Kukusanya stempu ni burudani ya watu wa kila hali tangu Mei 1840, Uingereza ilipotoa stempu ya kwanza ya kubandika duniani, ile nyeusi ya peni moja yenye kichwa cha Malkia Victoria. Haihitaji mtaji mkubwa wala chumba maalumu. Na katika kanda hii, mfanyabiashara wa mpakani anaianza akiwa mbele ya wengine. Ana jamaa na wateja nchi mbili tatu. Macho yake yamezoea kukagua noti kwenye mwanga. Tena anajua tofauti kati ya bei inayotajwa na bei ambayo mtu atalipa kweli. Mambo hayo matatu ndiyo nusu ya elimu ya mkusanyaji.

Stempu moja, nchi tatu

Mahali rahisi pa kuanzia ni stempu zilizoandikwa majina ya nchi tatu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kenya na Uganda tayari zilikuwa na posta ya pamoja. Mwaka 1935 jina la Tanganyika likaongezwa, na kuanzia hapo mtu aliweza kununua stempu Jinja, Kisumu au Mwanza, zote zikiwa za aina moja. Toleo la 1935 la Mfalme George V lina picha ambazo mkazi yeyote wa kanda hii anazitambua: jahazi kwenye Ziwa Victoria, simba, korongo mwenye taji, daraja la reli juu ya Mto Nile, Mlima Kenya na Kilimanjaro.

Uhuru haukuvunja utaratibu huo. Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964, maandishi yakawa Kenya, Uganda, Tanzania. Kila nchi ilikuwa na stempu zake za matumizi ya kila siku, lakini zile za kuadhimisha matukio makubwa ziliendelea kubeba majina yote matatu. Ukizitazama kwa makini, utaona kwamba mpangilio wa majina haukuwa mmoja. Hii inaanza na Kenya, ile na Uganda, nyingine na Tanzania. Zamu ilizunguka.

Mwaka 1966 nchi hizo zilianza kutoa kila moja sarafu yake badala ya shilingi ya pamoja ya Afrika Mashariki. Stempu ya pamoja haikufa siku hiyo. Iliishi miaka mingine kama kumi, hadi katikati ya miaka ya 1970. Ndipo mwaka 1976 zikatoka stempu za reli, ambazo picha zake zilikuwa zile zile kwa nchi zote tatu, ila kila nchi iliandika jina lake peke yake. Ndiyo maana iko stempu ya Kenya yenye treni ya reli ya Tanzania na Zambia, na nyingine ya Kenya hiyo hiyo yenye daraja la Nile nchini Uganda. Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya kwanza ikavunjika.

Mtu akizipanga mezani kwa mfuatano huo, anaona majirani wakikaribiana, wakikaa pamoja, kisha wakianza kutengana, na yote hayo katika vipande vya karatasi visivyozidi upana wa vidole viwili. Nyingi za stempu hizi zilichapishwa kwa wingi mno. Thamani yake sokoni ni ndogo, na kwa anayeanza hiyo ni neema, kwa sababu anaweza kukosea bila kufilisika.

Muhuri ndio unaosema

Hapa ndipo panapokuja somo kubwa kuliko yote. Ikiwa stempu ilitumika nchi tatu, itajulikanaje barua ilitoka wapi? Stempu yenyewe haisemi. Unaosema ni muhuri wa posta uliopigwa juu yake, wenye jina la mji na tarehe. Na muhuri huo mara nyingi umepita nusu kwenye stempu na nusu kwenye bahasha. Anayekata pembe ya bahasha anakata jina la mji katikati.

Bahasha nzima inaeleza zaidi. Upande wa mbele kuna anwani ya aliyetumiwa na sanduku lake la posta. Kwenye pembe ya juu huenda kuna jina la duka la mtumaji lililopigwa chapa, pamoja na aina ya bidhaa alizouza. Nyuma huweza kuwa na muhuri wa pili, wa mji ilikopokelewa au ilikopitia, na ukilinganisha tarehe mbili unapata siku ambazo barua ilikaa njiani. Stempu iliyobanduliwa inaeleza ilitolewa na nani tu. Ikibaki kwenye bahasha yake, inaeleza nani alifanya biashara na nani, kati ya mji upi na upi, na mwaka gani.

Mihuri ya kanda hii ina utamu wa pekee kwa sababu miji mingi ilibadilishwa majina. Bahasha yenye muhuri wa Usumbura ilitoka mji ambao leo ni Bujumbura. Costermansville ni Bukavu, Albertville ni Kalemie, Stanleyville ni Kisangani na Elisabethville ni Lubumbashi. Astrida ya Rwanda ikawa Butare, ambayo leo ni Huye. Upande wa Tanzania, mihuri ya Wajerumani iliandika Muansa kwa Mwanza, Udjidji kwa Ujiji, Wilhelmstal kwa Lushoto na Bismarckburg kwa Kasanga iliyo kwenye Ziwa Tanganyika. Kisumu nayo iliwahi kuitwa Port Florence. Mfanyabiashara anayepita miji hiyo kila mwezi anaweza kujiwekea lengo la kupata bahasha moja ya kila mji, yenye jina lake la zamani.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa anayeanza ni fupi: bahasha ya zamani ibaki nzima. Stempu za kubandua ni zile za barua za karibuni zisizo na historia, au zile zilizokwisha kukatwa na wengine.

Pesa, hela na simbi

Mkusanyaji anayetaka kila kitu hufika mahali akachoka, kwa kuwa nchi nyingi za dunia hutoa stempu mpya kila mwaka. Inafaa kuchagua njia moja. Wapo wanaokusanya ndege tu, wengine treni, wengine vyombo vya ziwani. Kwa watu wa biashara, njia moja inavutia kuliko nyingine: historia ya fedha za kanda jinsi inavyosomeka kwenye stempu.

Mwaka 1890 Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilianza kwa kuchukua stempu za Uingereza na kupiga juu yake jina lake na thamani kwa ana, kwa kuwa rupia ya India, yenye ana 16, ndiyo iliyokuwa ikitembea pwani. Wajerumani nao mwaka 1893 walichukua stempu za kwao wakaandika juu yake thamani kwa pesa. Ndiyo, neno lenyewe limepigwa chapa: PESA. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 wakabadili hesabu, rupia ikagawanywa kwa heller 100, na baadaye stempu zikaandikwa Heller. Watu wa nchi wakaitamka kwa namna yao, ikawa hela. Maneno mawili ambayo kila muuzaji anayatamka kila siku yanaweza kukaa ukurasa mmoja wa albamu, kila moja kwenye stempu yake.

Uganda ina kisa cha ajabu zaidi. Mwaka 1895 huko Mengo, mmisionari Ernest Millar alitengeneza stempu kwa taipureta, akiandika herufi U na G na tarakimu ya thamani. Thamani hiyo ilihesabiwa kwa simbi, yale makombe madogo ya baharini yaliyotumika kama fedha. Stempu hizo ni adimu mno leo. Na kwa kuwa ziliandikwa kwa taipureta kwenye karatasi nyembamba, ni rahisi kughushi. Anayeuziwa moja sokoni aishike kwanza kama anavyoishika noti ya mashaka.

Vita Kuu ya Kwanza nayo iliacha alama yake. Majeshi ya Ubelgiji yalipoingia Rwanda, Burundi na magharibi ya Tanganyika mwaka 1916, stempu za Kongo zilipigwa maandishi ya Kifaransa na Kiholanzi kuonyesha kwamba ni eneo lililotekwa. Waingereza kwa upande wao walipiga herufi G.E.A. juu ya stempu za Kenya na Uganda. Baadaye Tanganyika ikapata stempu zake mwaka 1922, zenye kichwa cha twiga. Ruanda-Urundi, iliyokuwa ikitumia faranga, ilitumia kwanza stempu za Kongo zilizopigwa jina lake. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ilipiga neno JAMHURI na mwaka 1964 juu ya stempu zenye picha ya Sultani. Katika kila kisa, serikali mpya ilifika kabla ya stempu zake mpya, ikatumia za aliyetangulia kwa kuzipiga chapa juu.

Vifaa na usafi

Vifaa vya kuanzia havizidi vitano. Kwanza ni kibano chenye ncha bapa, kwa sababu vidole vina mafuta na jasho. Pili ni kioo cha kukuzia. Tatu ni albamu yenye mifuko au vijikanda vya plastiki vya kuchomeka stempu bila gundi. Nne ni bahasha kubwa za plastiki safi au karatasi ngumu za kuwekea bahasha nzima. Tano ni daftari la kumbukumbu: nini kilipatikana, wapi, kwa nani, kwa bei gani.

Kubandua stempu ya kawaida ni kazi ya maji na subira. Karatasi ikatwe kuizunguka, ikiachwa nafasi ya kidole kila upande, kisha iwekwe kwenye bakuli la maji safi ya vuguvugu kwa dakika 15 hadi 30. Stempu itaachana na karatasi yenyewe. Ikikataa, iachwe zaidi, isivutwe. Bahasha za rangi nyekundu au za kaki zilowekwe peke yake, maana rangi huchuja na kuharibu nyingine. Baadaye stempu ilazwe kifudifudi juu ya karatasi nyeupe inayonyonya maji, na ikishakauka ikandamizwe ndani ya kitabu kizito. Stempu za kisasa zinazojibandika zenyewe mara nyingi hazitoki kwa maji. Hizo ni afadhali kubaki na kipande chake cha karatasi.

Selotepu ni adui. Huacha doa la kahawia lisilotoka. Gundi ya dukani ni vivyo hivyo. Na meno ya stempu, yale matobo yaliyopasuka pembeni, yakikatwa kwa mkasi ili stempu ionekane nadhifu, thamani yake imekwisha.

Hali ya hewa nayo ina lake. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na kando ya maziwa, unyevu hulainisha gundi ya stempu mpya zikashikana, na ukungu hufuata. Albamu isimamishwe wima kama kitabu kwenye rafu, mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na jua, na ifunguliwe mara kwa mara ipate hewa. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu na redio, ambavyo wenye maduka huvitupa kila siku, vina kazi nzuri hapa. Mende na wadudu wanaokula karatasi nao hawafai kusahauliwa.

Bei, tamaa na ghiliba

Habari za stempu zinazouzwa kwa mamilioni husafiri haraka. Ni kweli kwamba stempu moja ya senti moja ya British Guiana ya mwaka 1856, ambayo duniani inajulikana ipo moja tu, iliuzwa mwaka 2014 kwa karibu dola milioni 9.5 za Marekani. Lakini anayeingia kwenye burudani hii akiwinda bahati ya namna hiyo atavunjika moyo, na njiani atakutana na wajanja.

Vitabu vya bei vipo, na vinavyojulikana zaidi ni Stanley Gibbons cha Uingereza, Scott cha Marekani, Michel cha Ujerumani na Yvert et Tellier cha Ufaransa. Bei iliyomo humo si bei ya sokoni. Ni kama bei anayotaja muuzaji asubuhi kabla ya mazungumzo kuanza. Stempu yenye kasoro, iliyopungua jino au iliyokunjika, hushuka mbali chini ya hapo.

Yapo mambo manne ya kuangalia kabla ya kutoa fedha. La kwanza ni maandishi yaliyopigwa juu, kama PESA, G.E.A. au JAMHURI. Chapa ya juu ni rahisi kughushi kuliko stempu nzima, hivyo stempu ya bei ya chini hugeuzwa ya bei ya juu kwa muhuri wa bandia. La pili ni alama iliyofichwa ndani ya karatasi, inayoonekana kwenye mwanga kama ile ya noti. Stempu nyingi za enzi za Waingereza zinayo, na isipokuwepo panapostahili, kuna jambo.

La tatu ni stempu za thamani kubwa zilizotumika kulipia ushuru wa nyaraka. Stempu nyingi za enzi hizo zilifanya kazi zote mbili, ya posta na ya ushuru, na risiti zenye sahihi iliyopita juu ya stempu bado zinapatikana. Iliyofutwa kwa kalamu au kwa muhuri wa ofisi ya ushuru huwa na bei ndogo kuliko iliyosafiri kwa barua. Wapo wanaofuta wino wa kalamu kisha wakapiga muhuri wa posta wa kughushi.

La nne ni stempu zinazong'aa za wachezaji, waigizaji wa sinema na katuni. Katika miaka ya 1980 na 1990 Tanzania na Uganda, kama nchi nyingine nyingi, zilikuwa na mawakala wa nje waliotoa stempu kwa wingi kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo. Nyingi hazikuwahi kubandikwa kwenye barua. Zinapendeza, watoto wanazifurahia, na hakuna ubaya kuwa nazo. Ila anayeziuza kwa bei ya adimu anamdanganya mnunuzi.

Kupata na kubadilishana

Baada ya boksi la nyumbani, chanzo cha pili ni posta zenyewe. Stempu mpya hununuliwa dirishani kwa thamani yake iliyoandikwa, na mfanyabiashara anayevuka mpaka anaweza kununua seti upande huu na upande wa pili. Jumuiya ya sasa, iliyozaliwa kwa mkataba wa 1999, ina wanachama wanane, kuanzia Kongo na Burundi hadi Somalia na Sudan Kusini. Stempu moja tu ya kila mwanachama tayari ni mwanzo wa albamu.

Chanzo cha tatu ni kubadilishana, na hapa mwenye safari nyingi ana faida. Zilizo za kawaida Kampala ni ngeni Bujumbura. Desturi ni kubadilishana zinazolingana hali, kuonyesha kasoro kabla ya kuulizwa, na kutotuma ya bei kwa mtu usiyemjua kabla hujaona yake. Mwenye stendi ya mizigo haelezwi mara mbili juu ya hilo.

Kuna tahadhari moja ambayo vitabu vya stempu haviitaji. Kabla ya kuuza au kugawa bahasha za zamani, barua iliyo ndani isomwe. Ndani ya bahasha za wafanyabiashara wa zamani mnaweza kuwa na ahadi ya deni, makubaliano ya kiwanja, au habari ya ndoa ya familia ya watu wengine. Vivyo hivyo, stempu iliyobandikwa kwenye mkataba au risiti isibanduliwe, maana bila stempu na sahihi yake karatasi hiyo inaweza kupoteza nguvu siku itakapohitajika.

Na kabla ya mzee wa duka hajachoka kusimulia, aketishwe na boksi hilo mbele yake. Aulizwe huyu wa Mwanza alikuwa nani, huyu wa Usumbura alinunua nini, na kwa nini barua zake zilikoma. Majibu yaandikwe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi na kuwekwa pamoja na bahasha husika, si juu ya bahasha yenyewe. Stempu inaweza kununuliwa tena kwa mwingine. Jina la mteja ambalo mzee peke yake analikumbuka haliuzwi popote.